Dk. Livingstone na kipimo cha dawa: masikio yakilia, umekwishazidisha

Wiki hii tupitie maisha ya daktari mmoja aliyefariki dunia karne moja na nusu iliyopita. Jina lake ulilisikia shuleni kwenye somo la historia, ukaambiwa alikuwa mpelelezi na mmisionari. Ni David Livingstone. Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka ni kwamba alisomea utabibu, na alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vya kutibu homa ambayo leo tunaiita malaria.

Namleta kwenu kwa sababu. Hapa Kharumwa, kama ilivyo Geita mjini, Kahama au Shinyanga, tunapokea hospitalini wagonjwa waliodhuriwa na dawa ambao hawakumeza sumu ya panya wala dawa ya kupulizia pamba. Wamemeza dawa ya kawaida, iliyonunuliwa dukani kwa fedha halali, kwa ajili ya ugonjwa wa kweli. Tatizo ni kipimo. Mtu amemeza viwili, hakusikia nafuu, akaongeza viwili. Mama amempa mtoto kijiko, homa haikushuka, akampa kingine. Nyuma ya hayo yote kuna imani ya siku nyingi, kwamba dawa ya kweli ni dawa kali, na isipokutikisa mwili haijafanya kazi. Livingstone naye aliishi ndani ya imani hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na namna nyingine.

Mtoto wa kiwanda cha pamba

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Familia yao iliishi katika chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi za pamba. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi kiwandani humo, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Aliegemeza kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita. Mwaka 1836 aliingia Chuo cha Anderson mjini Glasgow kusoma udaktari, na Novemba 1840 akafaulu mtihani wa kupewa leseni.

Mtihani huo ulikuwa mrefu kuliko kawaida, kwa sababu alibishana na watahini wake kuhusu stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia kifua ambacho wakati ule kilikuwa bado kigeni. Kijana huyu alivutiwa na vipimo.

Lakini elimu ya zama zile ilikuwa na mipaka yake. Kwinini ilikuwa imepatikana, kwani wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitoa kwenye gamba la mti mwaka 1820. Lakini kimelea cha malaria hakikuonekana kwa darubini hadi 1880, na mbu hakuthibitishwa kuhusika hadi 1897. Livingstone alifariki 1873. Maisha yake yote alitibu ugonjwa ambao hakujua chanzo chake, kwa dawa ambayo hakujua inafanyaje kazi, na hakuna maabara duniani ambayo ingempimia kiasi kilichomo kwenye damu ya mgonjwa.

Homa yaingia nyumbani kwake

Machi 1841 alifika Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega. Mwaka 1845 akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Walipompata mtoto wao wa kwanza, Robert, wenyeji wakaanza kumwita Mary kwa jina la mtoto, Ma-Robert, kama tunavyofanya sisi.

Mwaka 1850 familia nzima, Mary akiwa mjamzito, ilisafiri kwa gari la kukokotwa na ng'ombe hadi Ziwa Ngami, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Huko watoto wao wawili walishikwa na homa. Waliporudi nyumbani, Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, aliyeishi wiki chache tu kisha akafa kwa ugonjwa wa kifua. Tangu safari hiyo Livingstone alianza kutumia mchanganyiko wake wa dawa za homa.

Mzazi unayesoma, hebu fikiri kidogo juu ya dozi ya mtoto. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa nusu. Dozi yake hutokana na uzito wake. Parasetamoli, kwa mfano, hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Dawa ya maji inayouzwa mara nyingi ina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini nyingine ina 250 katika mililita hizo hizo, yaani zaidi ya mara mbili, na chupa zinafanana. Ukiongeza kwamba vijiko vya jikoni havilingani, kuna vya chai na kuna vya kulia wali, unaona jinsi mtoto mmoja anavyoweza kupata dozi ya watoto watatu bila mtu yeyote kukusudia.

Vidonge vya kuamsha walala hoi

Kati ya 1853 na 1856 Livingstone alikatiza Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, akishikwa na homa mara kwa mara njiani. Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ikamtuma tena, safari hii katika Mto Zambezi, akiwa na stima iliyopewa jina la mkewe, Ma-Robert. Katika msafara huo alikuwemo Dk. John Kirk, yule ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar.

Katika kitabu walichotoa baada ya safari hiyo, Livingstone alieleza vidonge vyake wazi kabisa. Vilikuwa na vitu vinne: utomvu wa mzizi wa jalapa, mzizi wa rubarbu, kalomeli na kwinini, vikifinyangwa pamoja kwa dawa ya maji ya iliki. Kwa vidonge 4, kwinini ilikuwa takriban miligramu 200 na kalomeli kiasi hicho hicho. Vinne vilikuwa dozi ya mwanamume, na kwa mwanamke alisema kimoja kinatosha. Wanaume wa msafara waliviita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya viamshaji, kwa sababu vilimwinua hata aliyelala hoi.

Jalapa na rubarbu ni dawa za kuharisha. Madaktari wa zama zile waliamini kwamba homa haitoki mpaka tumbo lisafishwe. Vidonge vikichelewa kufanya kazi, mgonjwa aliongezewa chumvi ya haluli. Kisha ikaja kwinini yenyewe, dozi kubwa kila baada ya saa 2 au 3, mpaka masikio yazibe na kulia. Hapo ndipo tiba ilihesabiwa kuwa imekamilika.

Naomba usome tena sentensi hizo mbili za mwisho. Masikio kulia, kusikia kwa mbali na kuona ukungu ni dalili kwamba kwinini imeanza kuzidi mwilini. Inapozidi zaidi, moyo hupoteza mpangilio wa mapigo, sukari ya damu hushuka na macho yanaweza kupofuka. Livingstone alitumia mwanzo wa sumu kama alama ya mwisho wa dozi. Kwa mtu asiye na maabara lilikuwa wazo la mtu makini, kwa sababu alihitaji kengele ya kumwambia asimame, na kwinini ilikuwa na kengele. Na vidonge vyake viliokoa watu. Mwaka 1841 msafara wa Waingereza katika Mto Niger ulipoteza watu wengi kwa homa ndani ya wiki chache, wakati Zambezi wengi wa wenzake walipona homa moja baada ya nyingine. Baada ya kifo chake, kampuni ya Burroughs Wellcome ilivitengeneza vidonge hivyo na kuviuza kwa wasafiri.

Wazee wetu wanaikumbuka kengele hiyo. Aliyewahi kuwekewa dripu ya kwinini anajua mlio ule wa masikio. Aliyemeza klorokwini, kabla nchi haijaiacha mwaka 2001, anaukumbuka muwasho. Wengi walitoka hapo wakiamini kwamba dawa isiyowasha wala kuvumisha masikio ni dhaifu. Ndiyo maana dawa mseto, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa 2006, ilionekana nyepesi mno kwa baadhi ya watu. Haikuwa nyepesi. Ilikuwa imepimwa.

Sasa sikia jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Dawa iliyopo karibu kila nyumba leo, parasetamoli, haina kengele. Ukiizidisha, masikio hayalii. Unaweza kupata kichefuchefu kidogo, au usihisi chochote kwa siku nzima. Wakati huo ini linaharibika kimyakimya. Siku ya pili au ya tatu ndipo maumivu yanakuja chini ya mbavu za kulia, kisha macho yanakuwa ya njano, na hapo tumeshachelewa. Mtu anayesubiri mwili umwambie kwamba dozi imezidi, kwa dawa hii atasubiri mpaka ini limekufa. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, awe amepoa au hajapoa. Mwenye ugonjwa wa ini, aliyekonda sana au anayekunywa pombe kila siku anahitaji kiasi kidogo zaidi, na aulize.

Zebaki ndani ya kidonge

Kalomeli, ile iliyokuwa ndani ya vidonge vya Livingstone, watu wa ukanda huu wa dhahabu wanaijua kwa sura nyingine. Ni chumvi ya zebaki, metali ile ile inayotumika kwenye mialo yetu kunasa dhahabu. Madaktari wa Ulaya waliitoa kwa kila kitu, hata kwa watoto wachanga. Nchini Uingereza ilitiwa kwenye unga wa kupaka ufizi wa mtoto anayeota meno, na watoto wakawa wanavimba vidole vyekundu, wanalia usiku kucha, wengine wanakufa. Ilichukua hadi miaka ya 1950 kwa unga huo kuondolewa madukani. Miaka yote hiyo mama waliupaka kwa upendo, kwa sababu uliuzwa kama dawa.

Fundisho la kidonge chenye vitu vinne ni hili: jua kilichomo ndani. Leo tunakutana na mgonjwa aliyemeza dawa ya mafua, dawa ya kichwa na dawa ya maumivu ya mgongo kwa siku moja, akiamini ni dawa tatu tofauti. Zote tatu zina parasetamoli. Wachimbaji wanaoamka na vidonge vya maumivu ili waweze kushuka shimoni, na kumeza vingine jioni, wako kwenye hatari hiyo hiyo, na nyingine ya kuongezea: dawa kama diklofenaki, zikimezwa kila siku na mtu anayetokwa jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, huumiza figo na kutoboa tumbo. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Kama maandishi yamekushinda, mwombe muuzaji wa duka la dawa akusomee. Ni haki yako.

Shupanga, 1862

Tarehe 31 Januari 1862 alifariki Askofu Charles Mackenzie, kiongozi wa ile misheni ya UMCA ambayo baadaye ilijenga makao Zanzibar, Magila na Masasi. Mtumbwi wao ulikuwa umepinduka mtoni, dawa zote zikaenda na maji, kisha homa ikamkuta hana kidonge hata kimoja. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Aprili, ilikuwa zamu ya Mary Livingstone. Alifia Shupanga, kando ya Zambezi, mumewe akiwa pembeni yake na dawa zikiwa tele. Alitapika mfululizo, na dawa haikukaa tumboni. Alizikwa chini ya mbuyu.

Nayaweka matukio haya mawili pamoja ili nisieleweke vibaya. Kukosa dawa kunaua. Sisemi uogope dawa. Lakini wingi wa dawa nao haukumsaidia Ma-Robert, kwa sababu tatizo lake halikuwa uchache wake. Mtoto wako akitapika dawa ya malaria, usimrudishie dozi kwa kukisia, wala usiongeze ya kufidia. Mrudishe kituoni. Anayetapika kila kitu, anayelegea, aliyepata degedege au asiyeweza kunyonya anahitaji sindano ya atesuneti na uangalizi, na hakuna idadi ya vidonge nyumbani itakayochukua nafasi ya hiyo.

Sanduku lililopotea

Safari ya mwisho ya Livingstone ilianzia Zanzibar, Machi 1866, kupitia Mikindani. Alikuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile. Sanduku la dawa alipewa kijana aitwaye Baraka, aliyelibeba kwa uangalifu siku zote. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walibadilishana naye mzigo, kisha wakatoroka nao msituni. Dawa zote zilikuwa humo. Livingstone aliandika kwenye shajara yake kwamba aliliona tukio hilo kama hukumu ya kifo. Miezi michache baadaye, kusini mwa Ziwa Tanganyika, homa isiyo na tiba ilimwangusha akapoteza fahamu nje ya kibanda chake.

Sanduku lake lilipotea kwa kuibwa. Masanduku ya dawa ya nyumbani kwetu hupotea kwa namna nyingine: yako wazi. Dawa za bibi za presha na kisukari ziko kwenye mfuko wa rambo uliotundikwa kitandani, vidonge vya kifafa viko dirishani, na vile vyekundu vya kuongeza damu alivyopewa mama mjamzito viko juu ya meza, vinang'aa kama pipi. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Vidonge vichache vya madini ya chuma vinaweza kumuua, na kidonge kimoja cha kisukari kinaweza kumshushia sukari mpaka azimie. Kuwa na mlinzi wa sanduku kama Baraka, na sanduku lenyewe liwe na kufuli, juu, mbali na mkono wa mtoto. Na usimwite mtoto aje kunywa dawa kwa kumwambia ni pipi. Atakuamini.

Aliyekata tamaa Ujiji

Aliendelea bila dawa kwa miaka. Aliugua mapafu, akafikishwa Ujiji Machi 1869 akiwa hoi. Akavuka kwenda Manyema, vidonda vya miguu vikamlaza Bambare kwa miezi. Tarehe 23 Oktoba 1871 alirudi Ujiji amebaki mifupa, akitegemea vitu alivyotumiwa kutoka pwani, akakuta vimeuzwa vyote. Alikuwa na umri wa miaka 58, hana chakula, hana barua, hana tumaini.

Kisha akaja Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari wa Marekani, mwishoni mwa mwaka huo. Alileta vyakula, barua na dawa. Lakini Livingstone alianza kula vizuri na kupata nguvu tangu siku zile za kwanza za kukaa na mtu wa kuzungumza naye. Kabla ya kidonge chochote, aliletewa mtu.

Nasema hivi kwa sababu wapo wanaofika idara ya dharura si kwa bahati mbaya. Ni vijana na watu wazima walioelemewa na deni, ugomvi wa nyumbani, mimba isiyotarajiwa au matokeo ya mtihani, wakameza chochote kilichokuwepo. Wengi wao wakishapona wanafurahi kuwa hai. Ukimwona ndugu amejitenga, hali, anagawa vitu vyake, anasema amechoka na maisha, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kaa naye, ondoa dawa na viuatilifu nyumbani, na umpeleke kwa mhudumu wa afya. Akiwa amekwishameza, asitukanwe wala kuhojiwa kama mhalifu. Aibu huwafanya watu wafiche walichomeza na muda waliomeza, na hayo mawili ndiyo tunayoyahitaji zaidi.

Usiku wa Chitambo

Livingstone na Stanley walisafiri pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, wakafika Februari 1872. Kutoka kwetu Kharumwa unapita Kahama na Nzega kufika huko, na nyumba ya kumbukumbu yake ipo mpaka leo. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alikataa kurudi kwao, akasubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti, kisha akaelekea kusini. Alikuwa akitokwa damu tumboni. Mvua na mabwawa ya Bangweulu vilimmaliza. Mwishoni alibebwa kwenye machela na wenzake hadi kijiji cha Chitambo.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873 alimwita Abdullah Susi, akamwomba maji ya moto na sanduku la dawa. Susi alishika mshumaa karibu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa haoni vizuri. Kwa taabu kubwa Livingstone akaitafuta kalomeli kati ya chupa, akaagiza iwekwe pembeni yake na kikombe cha maji, akamruhusu Susi akapumzike. Kabla hakujapambazuka walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar na kuona maiti ikipasuliwa, aliufungua mwili, wakakuta donge kubwa la damu tumboni. Moyo wakauzika pale chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, na Susi, Chuma na wenzao wakaubeba kupitia Tabora hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ulizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Ulitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba.

Mimi kama daktari, mshumaa ule hunisumbua kuliko simba. Mtu aliyeijua kila chupa ndani ya sanduku lile, usiku wa mwisho, alikuwa akizisoma kwa macho yaliyofifia, peke yake, akichagua zebaki kwa ajili ya tumbo linalovuja damu. Wazazi wetu wazee wako katika hali hiyo kila jioni. Wana dawa tano, macho hafifu, taa ndogo, na hawakumbuki kama wamekwishameza ya presha au bado. Wakihisi bado, wanameza tena. Wawekee dawa za kila siku kwenye bahasha yenye jina la siku, mpe mjukuu mmoja kazi ya kusoma na kuhakikisha, na dawa zilizokwisha muda zirudishwe kituoni.

Dawa ikizidi, fanya hivi

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Kwa parasetamoli ipo dawa ya kulinda ini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, na si kila kituo kinayo, hivyo safari ya kupewa rufaa ihesabiwe ndani ya saa hizo.

Beba pakiti, chupa au vidonge vilivyobaki. Andika saa aliyomeza na idadi unayofikiri.

Usimtapishe kwa kidole, maji ya chumvi wala mafuta. Usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Hayaiui, na yanaweza kuingia mapafuni.

Akiwa hana fahamu, mlaze ubavu, usimpe chochote mdomoni, na safari ianze.

Dk. Livingstone alisubiri masikio yalie kwa sababu hakuwa na kipimo kingine. Wewe una mizani ya kliniki, sindano ya plastiki isiyo na ncha ya kupimia dawa ya maji, maandishi kwenye boksi na mtu wa kumuuliza. Leo jioni, kabla ya kulala, lishushe sanduku la dawa la nyumbani kwako, washa taa, usome kila jina. Tukutane wiki ijayo.